Methanoli ikimwagika au ikiwaka: dereva afanye nini kabla zimamoto hawajafika

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dereva wa lori la tangi. Nimebeba dizeli kwa miaka sita, na sasa nimehamishiwa kwenye methanoli. Bango la rangi ya chungwa nyuma ya tangi limeandikwa 336 juu na 1230 chini. Nimeambiwa mzigo huu unawaka na pia ni sumu. Dereva mwenzangu ananituliza kwamba methanoli inachanganyika na maji, kwa hiyo ikimwagika unaiosha tu, na ikiwaka unaimwagia maji, basi. Ni kweli? Mimi na utingo wangu tufanye nini dakika zile za mwanzo? Na je, ikitumwagikia au tukivuta mvuke wake?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nashukuru umeuliza kabla ya safari, maana maswali ya namna hii hunifikia mara nyingi mtu akiwa tayari amelazwa.

Mwenzako amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Ni kweli methanoli, ambayo ni aina ya alkoholi, inachanganyika na maji bila kujitenga. Sasa piga hesabu. Mchanganyiko ambao robo yake ni methanoli bado unaweza kushika moto. Ili utoke kwenye hatari hiyo, kila lita moja iliyomwagika inahitaji walau lita nne za maji, nazo zichanganyike kweli, si zipite juu. Tangi lako likimwaga lita 10,000, unatafuta lita 40,000 za maji. Utazipata wapi barabarani? Ukimwaga kidogo ulichonacho, hujazima kitu. Umeongeza tu ukubwa wa dimbwi linalowaka, na umelisukuma kuelekea mtaroni, chini ya magari mengine, au kwenye mto ambao watu wanachota maji. Maji yana kazi yake katika ajali hii, nitaifikia, lakini si hiyo aliyokuambia.

Kwanza tuache mazoea ya dizeli. Dizeli inahitaji kupata joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi ndipo mvuke wake ukubali cheche. Methanoli inahitaji nyuzi 11 hivi. Kwa maneno mengine, karibu kila siku ya kazi yako mzigo huo utakuwa tayari kuwaka tangu asubuhi, bila jua kuusaidia. Namba za bango lako zinasema hivyohivyo: 3 ni kimiminika kinachowaka, na ikirudiwa mara mbili, 33, maana yake kinawaka kwa wepesi sana, 6 inayofuata ni sumu. Hiyo 1230 ya chini ni namba ya methanoli katika orodha ya Umoja wa Mataifa, na zimamoto wa nchi yoyote wakiisikia watajua ni mzigo gani. Ikariri wewe, aikariri na utingo wako. Siku ya ajali karatasi za mzigo zinaweza kubaki ndani ya kabini isiyoingilika.

Kuna jambo jingine ambalo madereva waliotoka kwenye petroli hawaambiwi. Ndani ya tangi la petroli lililofungwa, hewa iliyo juu ya mafuta huwa imejaa mvuke kupita kiasi, hivyo kwa kawaida haiwaki mle ndani. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Methanoli inawaka kuanzia asilimia 6 hadi 36. Katika joto la kawaida la nyuzi 20, nafasi iliyo juu ya methanoli ndani ya tangi huwa na mvuke wa asilimia 13 hivi, yaani ndani kabisa ya kiwango kinachowaka. Kwa hiyo ukifungua kifuniko cha juu, unachungulia mchanganyiko uliokamilika unaosubiri cheche tu. Usikifungue baada ya ajali "kuona kama bado ipo". Wala usiliamini tangi lililokwisha kushushwa mzigo. Tangi "tupu" ambalo halijaoshwa na kupimwa hewa yake ni hatari kwa fundi wa kuchomelea kuliko lile lililojaa pomoni.

Sasa nikusogeze karibu kidogo, kwa sababu hili ndilo ningependa ulibebe kuliko yote. Katika mafunzo huwa naweka sinia pana la chuma chini, mchana jua likiwa la utosi, natia methanoli kidogo na kuiwasha kwa kijiti kirefu. Kisha nawauliza wanafunzi: imewaka au imezimika? Wengi hujibu imezimika. Hakuna moshi, hakuna masizi, hakuna ulimi mwekundu wa moto. Ukikodoa macho utaona hewa iliyo juu ya sinia inatetemeka kama inavyotetemeka juu ya lami wakati wa joto, na ukuta ulio nyuma yake unayumba. Halafu nachukua ufagio mkavu wa njukuti na kuupeleka mbele taratibu. Ncha zake zinageuka nyeusi, kisha zinawaka rangi ya machungwa, katikati ya mahali ambapo macho yote yaliona hewa tupu. Darasa hunyamaza kila mara.

Mwaka 1981, katika mashindano ya magari ya Indianapolis, dereva Rick Mears alimwagikiwa na methanoli wakati gari lake likijazwa mafuta. Ikashika moto. Yeye na mafundi wake walikuwa wakiungua huku watu waliosimama jirani hawaelewi kwa nini wanarukaruka. Alipona, akiwa na majeraha ya moto usoni. Huo ndio moto wa mzigo wako. Usiku utauona, bluu hafifu. Mchana, usipite mahali ilipomwagika kwa sababu tu huoni moto.

Basi tuje kwenye dakika zako za mwanzo. Lori limepinduka, au umesimama ukaona vali ya chini inavuja. Zima injini, vuta breki ya kuegesha, kata umeme wa betri kwa swichi yake kuu kama lori lako linayo na unaifikia bila kukanyaga palipolowa. Chukua karatasi za mzigo kama ziko mkononi. Usirudi kuzifuata. Kisha ondokeni wote wawili kuelekea upande upepo unakotokea, na kama kuna mwinuko, pandeni. Upepo utaujua kwa kurusha vumbi kidogo au kutazama majani ya miti yanalala upande gani. Usikimbilie bondeni wala kwenye mtaro kujificha. Mvuke wa methanoli ni mzito kuliko hewa kidogo tu, lakini unapotoka kwenye dimbwi huwa wa baridi na hutambaa chini, ukijikusanya kwenye mashimo, makaravati na vyumba vya chini. Ukikuta cheche huko mbali, moto hurudi nyuma kwa njia ileile hadi kwenye tangi.

Umbali? Mwongozo wa dharura unaotumiwa na zimamoto wa Marekani, Kanada na Meksiko unaiweka methanoli kwenye kundi namba 131, la vimiminika vinavyowaka ambavyo pia ni sumu. Kwa mvujo usio na moto unataka watu wakae mita 50 kutoka pande zote, na zaidi upande ule upepo unakoelekea ikiwa kilichomwagika ni kingi. Tangi likiwa ndani ya moto, mita 800 pande zote. Mita 800 ni mbali kuliko mtu anavyodhani, ni mwendo wa karibu dakika kumi kwa miguu. Piga simu ukiwa umefika mbali, si ukiwa umeegemea lori. Sema: mahali ulipo, namba 336 na 1230, kiasi kilichomo, kinavuja au kinawaka, kuna mtu aliyenasa au la, na upepo unaelekea wapi. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linaloamua gari la zimamoto liingie kwa barabara ipi.

Kinachofuata ni kuzuia watu, na kwa maoni yangu hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote anayoweza kuifanya dereva asiye na vifaa. Tarehe 25 Juni 2017, huko Bahawalpur nchini Pakistani, lori la petroli lilipinduka, watu wakaja na ndoo na madumu kuchota. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 200. Kwa methanoli balaa lina mkia mrefu zaidi. Hata ikibahatika kutowaka, atakayeichota ataipeleka nyumbani akidhani ni spiriti, kwa sababu inanukia hivyo na inalewesha hivyo. Mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kumpofusha mtu. Mililita 30 zinaweza kuua. Kwa hiyo simama barabarani ukiwa mbali, mtume utingo upande wa pili kama kuna njia salama ya kufika, pazeni sauti msiseme "ni hatari" tu, maana neno hilo watu wameshalizoea. Semeni: "Hii si mafuta, ni sumu, inapofusha macho, na inawaka bila kuonekana." Nimeona sentensi ya namna hiyo ikirudisha watu nyuma pale ambapo filimbi zilishindwa.

Kama mvujo ni mdogo, wa matone kwenye kiungo cha mpira, na hakuna moto, na unaweza kufunga vali bila kukanyaga wala kushika kilicholowa, ifunge. Mchanga mkavu au udongo ukirundikwa mbele ya kimiminika, mbali na dimbwi lenyewe, huzuia kisiingie mtaroni. Maranda ya mbao yaache, yanawaka. Koleo la chuma likigonga lami hutoa cheche, kwa hiyo usichote chochote kwenye dimbwi. Hiyo ni kazi ya waliokuja na vifaa visivyotoa cheche na kipimo cha mvuke. Kuhamishia mzigo kwenye lori jingine pia si kazi yako. Inahitaji pampu maalumu na nyaya za kuunganisha matangi mawili na ardhi ili umeme tuli usirukie mvuke.

Na kitambaa puani hakizuii chochote. Hata zile barakoa zenye kikopo cha mkaa, ambazo wapaka rangi huzitegemea, hazifai hapa: mkaa haushiki methanoli kwa muda wa maana. Anayeingia kwenye mvuke huo anapaswa kuwa na hewa yake mwenyewe mgongoni, kwenye mtungi. Koti la zimamoto nalo hulinda dhidi ya joto, lakini halikukusudiwa kuzuia kimiminika hiki kisipenye.

Je, ikiwaka? Moto wa tairi au wa breki ulioanza sasa hivi, mbali na mzigo, pambana nao kwa mtungi wako wa unga ukiwa na upepo mgongoni, na tairi ulitazame baadaye kwa sababu unga hauzimui joto la ndani na moto hurejea. Methanoli iliyomwagika kiasi cha sinia, vilevile, unga au mtungi wa gesi ya kaboni dayoksaidi utaizima. Ikiwa ni dimbwi, acha. Nataka uiache bila kuona aibu. Anayekimbia na mtungi wa kilo 9 kuelekea moto asiouona ukingo wake anaweza kuwa tayari amesimama ndani yake.

Zimamoto watakapofika, waambie mapema ni methanoli, ili watumie povu linalostahimili alkoholi. Povu la kawaida linalotumika kwenye petroli hufa likigusa methanoli. Methanoli hunyonya maji yaliyomo ndani ya povu, mapovu yanapasuka, na blanketi linatoboka mbele ya macho yako. Lile la alkoholi hutandaza utando mwembamba kati ya kimiminika na povu. Hata hilo haliruhusiwi kupigwa kwa nguvu katikati ya dimbwi. Linamwagwa taratibu, ligonge ukuta au ubavu wa tangi, liteleze lijitandaze. Wakati mwingine utawaona wakitandaza povu hata kabla ya moto. Usidhani wanapoteza vifaa, wanaufunika mvuke.

Na hapa ndipo maji yanapopata kazi yake. Maji ya manyunyu hupoza tangi ambalo moto unalilamba, na husukuma mvuke usielekee mahali pabaya. Tangi hupozwa kwa maji mengi, kutoka mbali, muda mrefu hata baada ya moto kuzimika. Mlio wa vali ya usalama ukipanda na kuwa mkali zaidi, au bati la tangi likibadilika rangi, wote hukimbia papo hapo. Hakuna aliyebisha hilo baada ya Kingman, Arizona. Tarehe 5 Julai 1973 behewa la propani liliwaka kule, na lililipuka chini ya dakika 20 baadaye, wakati zimamoto wakijiandaa kulipoza. Zimamoto 11 walikufa. Propani ni gesi iliyoshindiliwa na tangi lake si kama lako, lakini chuma kikipashwa moto upande usio na kimiminika hudhoofika vilevile, na pipa la lita 200 lililofungwa linaweza kuruka kama kombora. Ndiyo maana pia husimami usawa wa vichwa vya tangi, mbele wala nyuma.

Usishangae zimamoto wakiamua kuiacha iwake huku wakilinda vilivyo jirani. Methanoli ikiwaka vizuri inabaki hasa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Ikizimwa kabla mvujo haujafungwa, inabaki dimbwi la sumu linalotoa mvuke na kusubiri cheche nyingine. Mara nyingi mimi ningechagua moto huo uliodhibitiwa. Siku ukibadilishiwa mzigo, usiibebe hukumu hii kama ilivyo. Akrilonitrili, kwa mfano, ina 336 ileile juu, lakini chini ni 1093, na moshi wake una gesi ya sianidi. Namba ya juu inakupa tabia, ya chini inakupa jina, na uamuzi hutolewa kwa jina.

Sasa mwili wako. Methanoli huingia kwa njia tatu: kuvuta mvuke, kumeza, na kupenya ngozini. Hii ya ngozi madereva hawaiamini kwa sababu haichomi kama tindikali. Inatia ubaridi tu kisha inakauka. Ikikumwagikia, vua nguo zote zilizolowa hapohapo, stara itafutwe baadaye, na uoshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, kisha sabuni. Macho vilevile, kope zikiwa zimefunguliwa. Nguo hizo usizirudishe kabini. Zinatoa mvuke na zinaweza kuwaka.

Aliyevuta mvuke mpeleke kwenye hewa safi, mpe joto, atulie. Akiacha kupumua, usimpulizie mdomo kwa mdomo kama alimeza au usoni kumelowa. Itumike barakoa yenye mfuko wa kusukumia hewa. Aliyemeza asitapishwe.

Hila ya sumu hii ni ukimya wake. Mwanzoni mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anayumba kama mlevi. Kisha anapata nafuu na kusema yuko sawa, arudi kazini. Katika saa hizo za nafuu ini linaigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, kisha tindikali ya fomiki, na hiyo ndiyo inayoharibu mshipa wa fahamu wa jicho. Baada ya saa 12 hadi 24 anaanza kuona ukungu mweupe, tumbo linauma, pumzi inakuwa ya haraka. Anayefika hospitali akiwa bado anaona vizuri ana nafasi kubwa. Kuna dawa, fomepizoli, na pale isipopatikana madaktari hutumia ethanoli, yaani alkoholi iliyomo kwenye pombe, kwa kipimo, kulizuia ini lisiendelee na kazi hiyo, na mashine ya kusafisha damu huondoa kilichokwisha kuingia. Hiyo ethanoli si ruhusa ya kunyweshana pombe barabarani. Kipimo hutokana na damu, na mlevi anayetapika hufa kwa matapishi yake. Nendeni hospitali hata kama mnajisikia wazima, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe "methanoli", pamoja na saa mliyoguswa nayo. Ukisema "kemikali" utapimwa malaria.

Vifaa vya kubeba kabini ni vichache: dumu la lita 20 za maji safi ya kuosha macho na ngozi, kipande cha sabuni, glavu za mpira wa butili wala si za kitambaa, tochi isiyotoa cheche, na nguo za kubadilisha kwa watu wawili. Weka na viatu vya akiba. Viatu vya ngozi vilivyolowa methanoli havioshwi vikatakata. Ngozi inaifyonza na kuirudisha taratibu kwenye mguu wako siku nzima. Vitupwe pamoja na mchanga uliochafuka, kwenye mapipa ya waliokuja kusafisha.